Jina la Maudie Mlangoni

Lindy, mwenzangu, nimejiaibisha vibaya.

Nimefika chuoni leo mchana, Januari hii, wenzangu wote wapo tangu Agosti. Bwenini kila mlango una majina ya karatasi za rangi waliyobandikiwa siku ya kwanza. Mlango wangu: Greer na Maudie. Nikajua Maudie kahama. Nikalibandua, nikalikunjakunja, nikalitupa. Nikabandika langu, kwa ile kalamu ya dhahabu uliyonipa!

Greer akaingia, ndiye ninayekaa naye. Hata salamu hakuna.

"Jina lake liko wapi?"

Nikacheka. Nilicheka, Lindy! "Nimelitupa, si kahama?"

Akapiga magoti, akachakura pipa kwa mikono, katikati ya maganda ya machungwa. Akalipata. Akawa analinyoosha pajani, polepole, kama nguo ya mtoto.

"Hakuhama. Alikuwa anarudi kutoka kwao baada ya Sikukuu ya Shukrani, Novemba. Gari likateleza kwenye barafu."

Na mimi nimekaa kwenye kitanda chake!

Nikasema pole. Akanijibu, "Hukujua, bwana." Afadhali angenitukana.

Niko nje kwenye ngazi, theluji inaniangukia tu.

Unaikumbuka ile barua ya chuo ya Desemba? Miezi minane kwenye orodha ya kusubiri, halafu, "Tunafurahi kukujulisha kwamba nafasi moja imepatikana." Moja. Tulipiga vigelegele mpaka mama yako akatoka jikoni mbio.

Tulikata keki, Lindy. Tulikata keki.