Macho Makavu

Jumatatu, 3 Machi

Tumemzika mume wangu juzi, nyumba imegeuka jukwaa. Nyota wa mchezo ni wifi yangu. Mlango ukigongwa tu — kilio! Mgeni akiondoka, wifi anapangusa uso na kuuliza nani kachukua chaja yake. Leo aliyegonga alikuwa msoma mita. Naye akaliliwa!

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe anafua. Mashati ya marehemu, yale yale ya jana. Yakikauka anayaanua, anayarudisha kwenye beseni. Nikamwambia, Mama, yametakata. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba kola bado. Kola gani? Zimebaki nyuzi! Shemeji naye kutwa anasimulia mpira, anacheka peke yake, kisha anakwenda kujifungia kwenye gari lisilokwenda popote. Watu wazima hawa!

Ijumaa, 7 Machi

Jirani kaja na hekima za redioni. Eti huzuni ina hatua: unakataa, unakasirika, mwisho unakubali. Kama ngazi za ghorofa vile. Akauliza mimi nimefika ya ngapi. Nikamwambia nimepanda lifti.

Wifi kanong'ona jikoni, kwa sauti ya kunifikia: huyu ana macho makavu, hata chozi la kuazima hana.

Sina. Nina suti ya karani wa benki, bwana harusi mtarajiwa. Kesho narudi kwenye cherehani yangu.

Jumapili, 9 Machi

Koti limekwisha. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalowauma — kwamba kuna mtu mmoja humu mwenye akili timamu. Chakula hakipiti, lakini hilo ni joto tu.

Jumanne, 11 Machi

Karani kaja dukani kujaribu. Mwembamba, mabega kama hanga la nguo. Koti limemmeza! Nikacheka — fundi gani huyu? Nikavuta futi nirekebishe.

Mabega ya koti mapana. Tumboni kumeachiwa nafasi. Mkono wa kulia umezidi wa kushoto kidogo.

Vipimo vya karani viko ukutani, mwandiko wangu mwenyewe. Sikuvitazama hata mara moja. Nimemshonea marehemu.

Akageukia kioo, mgongo kwangu. Nikamwambia asimame hivyo hivyo, nafuata pini. Pini ninazo, zimejaa mkononi. Niko nyuma ya pazia, naandika upuuzi huu.

Anaita. Dada, nivue?

Nimemwambia bado.

Anasema anachelewa kazini. Dada, nivue?

Asivue. Asivue kwanza —