DAWA YA NYANYA
Kumbukumbu za kikao cha Kamati ya Mafunzo ya Madaktari Bingwa wa Tiba ya Sumu, Mbeya na Iringa

Tarehe: Alhamisi, 20 Februari 2025
Mahali: Chumba kidogo cha mihadhara, Mbeya

Waliohudhuria:
Dk. Mwanaidi Hamza – Mwenyekiti
Dk. Philbert Mgaya – Msimamizi wa mafunzo ya wodini, Iringa
Dk. Lusekelo Mwakyoma – Utafiti
Yusta Kihongosi – Katibu

Aliyealikwa: Dk. Asmaa Habibu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Hakuhudhuria: Dk. Liberatus Chaula, kwa udhuru wa barabara ya Mufindi, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilichelewa kwa sababu ya kumsubiri Dk. Philbert. Alipofika alieleza kwamba alipitia sokoni Uyole kwa shughuli za shamba lake la viazi. Aliweka mezani mkoba na chupa ya maji. Hakuomba radhi.

KUMB. NA. 2/2025: UTAFITI WA IGOWOLE NA MBALIZI
Dk. Lusekelo alieleza kwamba wasaidizi wake waliuliza kila kaya kama inaweka sumu ndani. Kaya zote zilikana, na mzee mmoja wa Mbalizi aliwafukuza akidhani anasingiziwa kuua mtu. Kwa hiyo Dk. Lusekelo alihitimisha kwamba sumu si tatizo la majumbani.

Mwenyekiti alimuuliza kama kaya hizo zina dawa ya viazi, ya nyanya au ya panya. Alijibu, "Hizo zipo kila nyumba, Mama. Ila sisi hatukuuliza dawa." Aliagizwa arudi akaulize dawa. Alinuna hadi mwisho wa kikao.

KUMB. NA. 3/2025: SUALA LA DK. ASMAA
Dk. Philbert alitoa hoja kwamba Dk. Asmaa arudie mwaka. Alieleza kwamba kijana mmoja aliletwa kutoka Igowole akiwa taabani, na shangazi yake akasema, "Amekunywa dawa ya nyanya." Dk. Asmaa aliandika kwamba mgonjwa amekunywa dawa za bibi yake, akaagiza bibi aletwe. Bibi alifika na vidonge vyake vya presha vikiwa vimetimia, akataka kuonyeshwa mtu anayemsingizia kumlisha mjukuu dawa. Wodi nzima ilicheka. Dk. Philbert alisema yeye hakucheka.

Dk. Asmaa alijitetea kwamba kwao bibi anaitwa nyanya tangu alipojua kusema. Hata hivyo, alimwona mgonjwa anatokwa jasho na mate, na mboni za macho zimesinyaa, akampa atropini, dawa ya kuzima sumu ya shambani, kabla bibi hajafika. Mgonjwa alipona. Alisema, "Niliandika nilichosikia, Daktari, lakini nilitibu nilichokiona." Alisema hayo huku machozi yakimlengalenga.

Dk. Philbert alishikilia kwamba nyanya ni nyanya, na daktari asiyeuliza dawa ni ya nini atakuja kuua mtu. Mwenyekiti alimjulisha kwamba yeye mwenyewe kalelewa na nyanya, na si ya kukatia kachumbari.

Mjadala ukiendelea, Katibu alishikwa na kiu, kwa kuwa chai iliyoahidiwa haikuwa imeletwa. Alivuta chupa ya Dk. Philbert, akafungua kifuniko. Dk. Asmaa alimdaka mkono.

"Samahani, Daktari," aliuliza, "humu mna nini?"

Dk. Philbert alijibu bila kuinua uso, "Dawa tu."

"Ya nini?"

"Ya viazi. Nimepimiwa hapo Uyole, nikasahau kuiacha kwenye gari."

Katibu alirudisha kifuniko, akaisukuma chupa hadi mwisho wa meza, na haoni sababu ya kuficha hilo.

Dk. Philbert aliondoa hoja yake, kisha akatakiwa aondoe na chupa.

IKAAMULIWA:
Dk. Asmaa aingie mwaka wa pili.
Kila mwanafunzi aulize dawa ni ya nini, na atake kuiona chupa yenyewe.
Dk. Philbert ahudhurie somo la mwaka wa kwanza kuhusu utunzaji wa dawa za shambani. Atafundishwa na Dk. Asmaa.

KUMB. NA. 4/2025: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa saba mchana. Chai ililetwa wakati wajumbe wakisimama. Hakuna aliyeigusa hadi Dk. Asmaa alipoinusa.

Mwenyekiti: Dk. Mwanaidi Hamza ....................

Katibu: Yusta Kihongosi (bado yu hai) ....................