Siku Chama Kilipotembelea Chama

Mwende wangu,

Woi, ungekuwepo ungecheka mpaka ushike ukuta. Wale wenye viwanda vya asali wametukubali. Ndiyo, wale wale uliowapigia simu wanunue asali yetu mpaka wakaizoea sauti yako, ukatuacha kabla hawajakujibu. Ngoja nikuambie vile ilifanyika, maana mimi mwenyewe mpaka leo siamini.

Tangu tukuzike, mtandao wetu wa akina mama wafuga nyuki uliniangukia mimi. Halafu meseji ikaingia kwa simu: "Mnakaribishwa kwenye mkutano wa chama, mjini Wote." Nikawasomea wenzetu hivyo hivyo, wa Makindu na wa Mwingi. Sasa wewe unajua sisi tukisikia chama tunajua nini. Tunaenda kwa mtu, leo ni zamu yake, tunambebea kitu. Mama Kioko akasema mkono mtupu haulambwi. Basi tukabeba sukari, unga, leso, sufuria seti nzima na jogoo. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba wale wenye viwanda nao hujiita chama, na chama chao ni cha suti na tai.

Mwende, tuliingia kwa hoteli ya mkutano tukiimba. Tukiimba! Ndani watu wamekaa kimya na chupa zao ndogo za maji, mmoja anaeleza mambo ya soko la nje. Wimbo tukaukatiza katikati. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na jogoo wangu kwapani. Nikasema moyoni, basi, ndoto ya Mwende nimeiua. Ungekuwa wewe ungeongea. Pale barabarani Makindu, tukiuza asali kwa chupa za soda, uliwaongelesha madereva wa malori mpaka wakanunua na hawakuwa wamepanga. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mtungi.

Lakini Mama Kioko hajui aibu ni nini. Alitembea mpaka mbele, akamwekea mwenyekiti wao sufuria mapajani. "Leo ni zamu yako, baba. Pokea."

Yule mzee aliziangalia. Nikangoja atuitie askari. Akasimama, akapokea kwa mikono miwili, akasema mamake alikuwa wa chama kama chetu, na yeye alisomeshwa na sufuria kama hizo. Akasema anajua sheria: aliyepokea huwafungulia wageni nyumba yake. "Na nyumba yangu ni kiwanda." Mtu mzima, Mwende, macho yamejaa machozi mbele ya wenzake.

Siku hiyo hiyo akatupeleka. Miaka yote hii tunawapa mabroka asali watuuzie, sikuwahi kujua inakoenda. Kuna matangi marefu kuliko nyumba yangu. Asali ya Kitui na ya Makueni inashuka pamoja, polepole, na jua la dirishani limepita ndani yake. Mama Kioko alivua viatu, na hakuna aliyemwambia avue. Nililia, si kwa huzuni pekee. Sikujua kitu cha mikono yetu kinaweza kuwa kikubwa hivyo.

Sasa watanunua kwetu moja kwa moja. Na wametupa kiti kwenye kamati yao, ile inayoamua asali gani ni nzuri na bei iwe gani. Wakauliza nani atakikalia. Akina mama wote wakaniangalia. Aki mimi! Niligeuka nyuma kukutafuta, halafu nikakumbuka.

Nakukosa, Mwende. Nakukosa vibaya.

Mkutano ni Jumanne. Rinda nimepiga pasi, mdomo nimeufunza mbele ya kioo, na bado naogopa. Siwezi kukuahidi kwamba sauti itatoka vizuri. Nakuahidi kwamba sitainuka pale kabla hawajanisikia.

Pumzika sasa, dadangu. Umeongea vya kutosha. Wacha niongee mimi.

Mbithe wako