Picha ya Mama Aliyeambiwa Asiongee

Mdogo wangu Siafu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na huyo mkorofi wenu mdogo. Sisi huku miili haina tatizo, ila nyumba imepoa. Mlango wa mbele bado unagoma wakati wa mvua, na mimi nausukuma kwa bega huku nikiugombeza, kama alivyokuwa akifanya mama. Cherehani nimeifunika shuka. Kuna mama mmoja alikuja kuulizia sare ya mwanawe ambayo mama yetu hakuwahi kuimaliza. Nikaimaliza mwenyewe. Akaiangalia, akaniambia kwa upole kwamba kola imepinda kidogo. Nikamwambia fundi ameshaondoka, aliyebaki ni mwanafunzi mzembe. Tukacheka, halafu yeye ndiye aliyeanza kulia.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Wifi alinipigia juzi, akaongea kwa kunong'ona kama mwizi. Alisema karakana hukanyagi, mageti ya watu yamelala bila kuchomelewa, na tajiri wako ameanza kumtafuta fundi mwingine. Alisema umekonda, kitu chenye sukari hukitii mdomoni, na kwamba ulimwambia waziwazi kuwa wewe ndiye uliyemuua mama. Anaogopa kwenda hata sokoni akakuacha peke yako.

Maneno hayo najua yalikotoka. Ni ya mjomba, siku ya mazishi, mbele ya watu, kwamba dada yake ameuawa na kikombe cha chai. Unamjua mjomba, ulimi wake hauna mfupa. Wewe ukachukua begi lako ukaondoka kabla hata watu hawajatawanyika.

Naomba nikueleze mambo yote tangu mwanzo, maana wewe uliyapata vipande vipande.

Ule uvimbe ulianza juu ya kiwiko, mdogo, wa rangi ya zambarau. Haukumuuma. Mama akawa anauita mpangaji, anasema ameingia bila kubisha hodi. Daktari wa ngozi alipokata kipande kikapimwa, alituambia ni saratani ya ngozi ya aina adimu, ambayo yeye mwenyewe, na mvi zake zote, ameiona mara chache mno. Ubaya wake, alisema, ni kwamba haikai ilipozaliwa. Kwa hiyo kabla ya kuamua aukate ule uvimbe au ampe mama dawa, alitaka picha ya mwili mzima, kutoka utosini hadi vidole vya miguu, ajue imefika wapi.

Mpiga picha wa hospitali, ambaye mama alimbatiza jina la Bwana Picha, alitueleza vizuri. Alisema saratani ina ulafi wa sukari kuliko mtoto. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo, analala chumbani ametulia, kisha mashine inaonyesha sukari ile imekimbilia wapi. Palipo na ugonjwa panawaka. Ndiyo maana mgonjwa haruhusiwi kula wala kunywa kitu asubuhi hiyo ila maji matupu, kwani akiwa na sukari nyingine mwilini picha haisomeki. Tulioelezwa hayo ni mimi na mama. Wewe hukuwepo.

Siku ile mimi nilikuwa kazini, ukamsindikiza wewe, umeshuka tu kwenye basi. Ukamnunulia chai ya maziwa getini, ukaipoza kwa kuimimina kikombe hadi kikombe, kama alivyokuwa akikufanyia ulipokuwa mtoto. Muuguzi alipomtoboa kidole akakuta sukari imepanda, wakamrudisha nyumbani. Mashine ni moja na foleni ni ndefu, zamu yetu ikasogezwa hadi mwezi uliofuata. Hayo ndiyo uliyoyajua, na hayo ndiyo uliyoyabeba.

Zamu ya pili nilimpeleka mimi. Baada ya sindano nilitolewa nje kwa ajili ya mionzi, naye akaagizwa alale kimya, asitembee, asitafune, asiongee, kwa kuwa msuli ukifanya kazi nao unakula ile sukari. Yaani mama aambiwe asiongee! Mtu ambaye hakuwa akisikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Siku ya majibu daktari alitugeuzia kompyuta tuione picha. Sijui nikuelezeje. Alikuwa mama, umbo lake, hata bega moja lilivyolala kwa miaka ya cherehani, lakini kama kivuli kilichowashwa taa ndani. Ubongo uliwaka, daktari akasema ni kawaida. Kibofu kiliwaka, akasema ni kawaida. Alipofika kwenye kwapa, kwenye ini, kwenye nyonga, hakusema ni kawaida. Mama akauliza kama ndiyo mpangaji huyo, daktari akaitikia kwa kichwa.

Mimi nikaona kooni napo panawaka, nikashtuka, nikamwonyesha. Daktari akamwita Bwana Picha. Yeye akasema pale hapana ugonjwa, ni mama aliongea. Alimkanya kwa spika, ananyamaza kidogo, midomo inaanza tena. Nikamuuliza aliongea na nani wakati chumba kilikuwa kitupu. Akamtazama mama, akasema hilo nimuulize mwenyewe.

Nilimuuliza tulipotoka, kwenye benchi la korido. Nalo ndilo lililonifanya nikuandikie, mdogo wangu. Mama alisema alikuwa akikusemesha wewe. Alikuwa anajaribu maneno, aone aanze na lipi. Akanirudia yote, nami nakupa kama nilivyoyapokea: “Baba, ile chai niliijua. Kila walichoniambia nilikikumbuka. Nilikuona unakuja na vikombe viwili, umechoka na safari na bado unacheka, nikasema leo niwe mama wa mtu, nisiwe mgonjwa wa mtu. Niliogopa kuonyeshwa. Nilitaka siku chache za kutojua, nikazipitishia mkononi mwako. Usiuchukie mkono wako, baba.”

Nilimkasirikia pale pale. Nikamuuliza kwa nini amekuacha ujione mkosaji. Akasema atakwambia mwenyewe, ana kwa ana, nisimtangulie. Ulipokuwa ukipiga simu nilimsikia anaanza, “Baba, kuna jambo,” halafu anaishia kukuuliza kama umekula. Kisha ugonjwa ukapanda kichwani, maneno yakaanza kumponyoka. Ulipofika alikuwa anakutazama tu. Alishika kidole gumba chako akakataa kukiachia. Muuguzi alisema ni misuli. Mimi sijui.

Nilimuuliza daktari kama mwezi ule ungemwokoa. Hakuapa. Alisema kilichokuwa kwenye ini hakikuanza ndani ya mwezi mmoja, lakini ugonjwa wenyewe ni wa watu wachache, hana wengi wa kulinganisha nao. Zaidi ya hapo sitakudanganya. Nisichokuwa na shaka nacho ni kwamba aliyeamua asubuhi ile alikuwa mama. Alikuwa mtu mzima, mwenye akili zake, aliyeogopa, na wewe ulikuwa mwanawe uliyemletea chai.

Mjomba nimemwambia jana. Alikaa chini kwenye ngazi, hakusema neno. Kwa mjomba hilo si dogo.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi napanda basi kuja huko, wifi anajua. Usihangaike kuja kunipokea kituoni, lakini usijifiche pia. Sitakuja kukuhubiria. Nataka tukae. Kuna mambo ya mama siyakumbuki vizuri: ule wimbo aliokuwa akiuimba vibaya wakati wa kupiga pasi, na jina la yule jirani aliyekosana naye kwa ajili ya kamba ya nguo. Hakuna mwingine wa kumuuliza. Ukinitoka na wewe, nitabaki kumkumbuka peke yangu, na mimi ni msahaulifu.

Nisalimie wifi, umwambie nimeshukuru kwa simu yake. Mwanao mfinye shavu kwa niaba yangu. Mpaka tutakapoonana,

Ni mimi, dada yako mkubwa.