Mvua Aliyoifunga Baba

Oli, Arua

Kaka yangu Swaka,

Pokea salamu zangu, za watoto, na za mama, aliyekuja juzi kutoka kwetu Abuku na magoti yake yaleyale. Natumaini u mzima huko kisiwani, na kazi yako ya kuchungulia vimbunga inaendelea. Sisi tunapumua. Unga wangu wa muhogo bado unauzika, ingawa wateja wa Koboko, wa upande huo wa kwetu, wamepungua, na sababu yake unaijua nusu tu.

Unalalamika kwamba baba hapokei simu. Amenikataza kukueleza, lakini nimechoka kuwa mtoto mtiifu peke yangu.

Mwezi wa tatu ulimpigia ukamwambia kile kimbunga cha upande wa Msumbiji ndicho kinachovuta unyevu wetu wote, ila kitadhoofika kabla ya Jumapili, upepo utageuka, mvua itarudi, watu wapande. Akakuuliza kama una hakika. Ukacheka, ukasema hiyo ndiyo kazi yako. Baada ya misa baba akasimama, katekista mzima, akatangaza maneno ya mwanawe msomi. Alivyojivuna siku ile! Watu wakatoa mbegu zote za karanga, hata za akiba. Driwaru, yule mjane jirani yetu, alipanda mpaka zile alizowawekea wanawe za kula.

Kimbunga chako hakikudhoofika. Usiku mmoja tu kikageuka jitu, kikabaki kinazunguka baharini. Ukanitumia maelezo marefu: maji yalikuwa na joto mpaka chini kuliko mlivyodhani, upepo wa juu uliotazamiwa kukivunja ukalegea, njia yake mliipata sawasawa ila nguvu yake ikawapita, na wataalamu wa dunia nzima bado wanahangaika na jambo hilo. Nilielewa, kaka. Sikusoma kama wewe lakini si mjinga. Ila karanga za Abuku zilichipua zikakauka, huku juu kweupe pee.

Watu wakaja nyumbani, Obitre mbele. Ukoo wetu unaujua. Babu alikuwa mwenye mvua, akiifunga na kuifungua, na yale mawe yake ya mvua baba aliyafukia alipobatizwa. Obitre akasema ama Swaka ni mwongo aliyetaka tufe njaa, asikanyage tena Abuku, hata maiti yake isiletwe. Ama nyumba hii imerudia kazi yake ya zamani. Mama anasema baba akajibu: "Mutoto yangu hakudanganya. Mvua ilikuwa inakuja. Ni mimi nilifunga."

Ndiyo, kaka. Baba yetu, aliyetuchapa kwa uongo wa kijiko cha sukari, alidanganya kwa ajili yako. Wakamsukuma mpaka kwenye yale mawe, akayafukua kwa mikono yake, akayaosha mbele yao ili kuifungua mvua. Na kimbunga chako, bila haya, kikafa wiki ileile. Upepo ukageuka, mvua ikamwagika Abuku juu ya mashamba yasiyo na kitu. Sasa nani atamwamini akisema vingine?

Amevuliwa ukatekista. Jumapili anakaa benchi la nyuma, wenzake wakienda kupokea komunyo yeye anabaki ameinamisha kichwa. Wanaomsengenya asubuhi ndio wanaomletea kuku jioni, awaachie mvua ya msimu ujao. Obitre ameleta mbuzi. Baba anawarudishia, nao wanadhani amekasirika, wanaongeza. Nilipomwambia nitakuita, akanijibu kwamba yeye amebakiza siku chache, wewe bado unahitaji kwenu pa kurudi. Nililia kwa hasira, Swaka. Hasira juu yako, si juu yake.

Safari hii sitaki pesa zako wala habari za joto la bahari. Njoo, nitakupeleka mwenyewe. Simama mbele ya Driwaru na wenzake, uwaambie kwamba ulibahatisha, hukujua, na baba hakufunga chochote. Watakutukana. Waache wakutukane.

Mama anakusalimu, hajui nimeandika nini. Nakuombea uzima. Lakini usipokuja kwa hili, usije hata siku ya kumzika baba. Obitre atasimama njiani kukuzuia, nami nitakuwa kando yake.

Ni mimi dada yako,
Drateru