Mayai ni Mwiko Kwake

Dada mshauri, pokea salamu za mama mwenzio, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo kuna mtu atafukuzwa kazi kwa ajili ya mdomo wangu.

Mimi nauza bamia na nyanya chungu Kariakoo, mume wangu Pantaleo yuko kiwanda cha nguo. Mwezi wa nne zahanati ya kiwanda ilipata chanjo ya homa ya mafua, watu wakacheka, Pantaleo mwenyewe akasema, "Mafua nayo siku hizi yana sindano?", lakini daktari akatuita wenye familia akatueleza kwamba chanjo ni chache, kwa hiyo wataanza wazee, kisha wenye pumu na ugonjwa wa moyo, maana hao mafua yanaweza kuwaua, wenye nguvu zao wangoje. Nikashukuru, kwa sababu nyumbani ninao wote, mama mkwe wangu Bi Hyasinta, na binti yangu Scholastika wa miaka minane, ambaye pumu ilimwanza angali ananyonya.

Kwenye foleni nesi, Sista Blandina, akawa anauliza kila mtu kama anakula mayai, wala hatukujua kwa nini. Mama mkwe akajibu, "Nakula, mwanangu, hata matatu ukinipa," watu wakacheka, akachomwa. Ilipofika zamu ya Skola nikasema, "Mayai ni mwiko kwake, sista." Akauliza, "Kabisa?" Nikasema, "Kabisa, hajawahi kuyaonja." Akakata jina lake. Dada, kwetu Kusini, kwa ukoo wa mume wangu, mtoto wa kike haonji yai mpaka azae, na mimi nilidhani baada ya sindano wanagawa mayai, nikaogopa mama mkwe atanisema.

Mwezi wa sita mafua yakaingia mtaani, kila nyumba inakohoa, mama mkwe akapiga chafya siku mbili akapona, Skola kifua kikambana, siku ya tatu akanifia wodini mikononi. Daktari wa wodi akaniuliza mbona mwenye pumu hakuchanjwa, nikamweleza, akashika kichwa, akasema chanjo ile inakuzwa ndani ya mayai, wanaozuiwa ni wale wanaovimba na kukosa pumzi wakila yai, siyo wenye miko ya ukoo. Nilikuwa peke yangu naye. Sijamwambia mtu.

Sasa Pantaleo amepeleka malalamiko kwenye kamati ya wafanyakazi, inayokaa mwisho wa mwezi, kwamba Sista Blandina, kwa kuwa ni mtu wa Moshi, ameubagua uzao wa watu wa Kusini, na anayemchochea ni mama yake, huyo huyo mwenye mwiko. Juzi sista alinikuta Mtaa wa Msimbazi, akanishika mkono akanipa pole, nikashindwa kumtazama. Na mdogo wake Skola, Theopista, naye kifua kimeanza kulia, na chanjo zinarudi mwezi ujao. Nikisema ukweli Pantaleo ataniambia nimemuua mwanawe. Nifanye nini? Na safari hii niseme Theopista anakula mayai?

Mama Skola (bado wananiita hivyo), Kariakoo

JIBU

Mama Skola, pole. Pole sana, na sasa nisikilize.

Hukumuua mwanao. Wewe ulisema mwiko wa ukoo, sista akasikia mwiko wa hospitali, kama mgonjwa wa presha anavyosema chumvi ni mwiko kwake. Alipaswa kuuliza: akila, anakuwaje? Na wewe ulipaswa kuuliza watu wa sindano wanataka nini na habari za mayai. Ulimwogopa mama mkwe kuliko ulivyoiogopa pumu. Hilo limeze, hata likiwa chungu.

Lakini lile lilikuwa kosa la neno. Hili la kunyamaza unalifanya kila asubuhi, macho wazi, huku mwenzio akisubiri kufukuzwa.

Mwambie Pantaleo wiki hii. Usimwambie mkiwa wawili tu. Mwite msimamizi wa ndoa yenu au balozi wa nyumba kumi akae hapo. Atakasirika, mwache akasirike, amefiwa. Akikataa kuyaondoa malalamiko, nenda mwenyewe kwenye kamati ukaseme yale uliyoniandikia mimi. Mama mkwe naye asikie, mbele ya mwanawe, kwamba mwiko wake unaishia mlangoni pa zahanati.

Theopista usimsemee uongo, wala usimjaribu kwa yai nyumbani. Mpeleke kwa daktari, useme: "Hajawahi kula yai kwa sababu ya mila yetu, hatujui kama mayai yanamdhuru, na kifua kinambana." Sema yote hayo, usifupishe. Daktari ndiye atakayeamua.

Ukimaliza, nenda kwa Sista Blandina. Alikupa pole bila kujua anampa nani. Safari hii mtazame.