Mama Yako Anaitaka Ile Kelele ya Wajapani

Rafiki yangu Murithi,

Tangu tukuzike Mitunguu sijaigusa ile kanda yetu ya muziki. Iko kabatini hapa kwangu mtaani Majimbo, nyuma ya vitabu vya shule, na kila nikifungua naangalia kando.

Unakumbuka tulivyoipata? Yule Mjapani aliyejitolea kutufundisha hesabu alituachia alipokuwa akirudi kwao. Albamu ya mwanzo ya bendi ya huko, enzi zile wakipiga panki, ule muziki wa fujo na makelele, na gita lenyewe hawajalijua vizuri. Tulidhani redio imeharibika. Fundi akaifungua, akapangusa kile kichwa cha kusomea kanda kwa spiriti, akasikiliza tena. "Redio iko sawa," akasema. "Ni hawa watu wameharibika." Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mama yako alitufukuza nayo nyumbani, tukawa tunaisikilizia kwenye migomba, kando ya mfereji, tukiimba Kijapani tusichokijua. "Hao wanagombana na nani?" alikuwa akiuliza. Ukamjibu wanagombana na mwalimu wao.

Basi nikupe habari. Wale vijana sasa ni wazee, wanapiga nyimbo laini zenye fidla. Lakini albamu yetu imetolewa upya, imesafishwa, na wanafunzi wangu wanaisikiliza kwa simu. Juzi mmoja alinieleza panki ni nini. Nilimsikiliza kwa heshima zote. Wewe ungemtania mpaka muhula uishe. Nina hamu nawe, Murithi, sana.

Sasa mama yako. Baada ya matanga alinipigia akaniomba nimpelekee "zile fujo zenu", maana nyumba imenyamaza mno. Nikamtumia ile mpya kwa simu, nisilazimike kwenda. Akapiga tena. "Njeru, hii imeoshwa. Leta ile yenyewe." Tangu hapo ni visingizio tu: mara mitihani, mara mvua. Naogopa. Wimbo wa kwanza ukianza nitalia mbele yake, na mwenye msiba ni yeye.

Leo asubuhi amepiga. Hakuuliza habari ya kanda. Ameniambia tu kwamba amenunua betri.

Kwa hivyo nakuaga hapa, ndugu yangu, niwahi gari la Mitunguu. Pumzika. Nakuahidi sitapunguza sauti hata kidogo. Tukilia, mimi na mama yako, majirani watasikia Wajapani peke yao.

Wako,
Njeru